Sarafu Tatu

Treni yetu haifiki Mombasa.
Haina abiria, haina tikiti, haina hata kengele.
Kilomita nne tu, toka madimbwi ya chumvi
hadi ghalani, hapa Gongoni, kaskazini ya Malindi:
injini moja ya dizeli yenye kikohozi
na mabehewa kumi na moja. La kumi na mbili
tuliligeuza banda la kuku.

Mama alicheka nilipomwambia nimepata uanagenzi wa reli.
"Inaenda wapi hiyo reli yenu?"
Ghalani, mama.
"Halafu?"
Inarudi.

Mwezi wa kwanza Fundi Mbeyu hakunipa spana.
Alinipa ufagio na kipande cha chaki.
Hesabu mataruma, akasema. Nikayahesabu:
elfu sita, mia moja na arobaini na mawili.
"Umeruka moja. Rudi."
Siku ya tatu nikalipata karibu na karavati,
limefukiwa na mchanga, limeoza,
kidole gumba kinazama kama kwenye boga.
"Haya," akasema, akaenda kunywa chai yake.

Chumvi haina urafiki na chuma.
Nati uliyoipaka grisi Januari
ifikapo Machi ni donge la kutu, huijui kichwa wala pembe.
Na mikono yangu, kila mchubuko unakolezwa bure;
jioni nala ugali kwa kijiko, kama mgeni.

Vipimo alinifunza kwa vina,
akigonga reli kwa nyundo ndogo:

     Kiungo kiache pengo,
     chuma nacho hupumua;
     usikikaze kwa nyongo,
     kitalipiza kwa jua.

Sarafu tatu za shilingi kumi, zikibebana,
ndiyo nafasi kati ya reli na reli.
Sarafu zenyewe zake. Alizihesabu
kabla ya kunipa na baada ya kumrudishia.

Mimi nikaona najua zaidi.
Julai, asubuhi ya baridi, peke yangu,
toka kiungo cha mia mbili na tano hadi cha mia mbili na tisa
nilisukuma reli mpaka zikabusiana,
nikakaza bolti, nikarudi nyuma kutazama.
Unywele haupiti! Nikapiga mluzi
njia nzima hadi karakana.

Februari jua likaja na daftari lake.
Saa saba mchana reli ilijipinda,
polepole, kama mtu anayegeuka kitandani,
behewa la saba likalala, la nane likamlalia.
Chumvi nyeupe juu ya tope jeusi.
Hakuna aliyeumia. Kitsao, dereva,
aliketi kwenye ngazi ya injini akavua kiatu kimoja,
akakivaa, akakivua tena.

Fundi Mbeyu alichuchumaa
akapitisha ukucha kiungo kwa kiungo.
"Nani?"
Ningesema ni joto. Meneja alishafungua kalamu
aandike joto.
Ni mimi.
Akatoa sarafu tatu mfukoni, akaniwekea kiganjani.
"Kaa nazo. Na mshahara wa mwezi huu utakatwa,
wako na wangu."

Wangu.
Siku nzima tuliizoa ile chumvi kwa koleo,
na neno hilo halikuzoleka.

Chumba changu kiko hatua ishirini kutoka njiani.
Usiku, chuma kikipoa, viungo husema: tak.
Kwanza mbali, kule madimbwini,
kisha karibu, kisha dirishani.
Mama alipokuja kulala siku moja, alishtuka.
"Jefwa, ni nini hicho?"
Ni reli, mama. Inarudi.
"Saa hizi? Inarudi wapi?"
Kama nguo iliyofuliwa, mama. Inarudi.
Akaguna, akageukia ukuta.
Mimi nikabaki nahesabu gizani, sarafu chini ya mto:
mia mbili na saba,
mia mbili na nane,
nikangoja.